Filamu Imeharibika au Ndivyo Ilivyo? Utatuzi wa matatizo unapotazama anime ya taharuki ya kisaikolojia nyumbani

Picha imekatika ghafla. Mhusika yuleyule sasa yuko mahali pengine, nguo nyingine, na maandishi ya chini hayaendani na kinachosemwa. Ingekuwa filamu ya mapigano ungejua papo hapo kwamba faili ni bovu. Kwenye anime (katuni za Kijapani) ya taharuki ya kisaikolojia mambo si rahisi hivyo, maana kazi ya mwongozaji ni hiyohiyo: kukukatia picha, kukupotezea saa, kukuonyesha jambo ambalo huenda halikutokea. Kwa hiyo kabla hujaanza kuchezea rimoti, tafuta kwanza mchawi ni nani: kifaa, manukuu (hayo maandishi ya chini), wewe mwenyewe, au mwongozaji.

Kipimo cha kwanza ni chepesi. Rudisha nyuma sekunde 10, utazame tena. Kasoro ikihama au ikitoweka, shida ni intaneti au kifaa kimeelemewa. Ikijirudia palepale, fungua sehemu hiyo kwenye kifaa kingine au programu nyingine. Ikiwa huko nako iko vilevile, basi ama faili lina hitilafu ama ndivyo ilivyotengenezwa. Hitilafu ya faili haijifichi: utaona miraba ya rangi, picha ya kijani, sauti inayokwaruza. Mkato wa mwongozaji ni msafi. Picha inabaki nzima hata kama wewe umebaki kinywa wazi.

Mfano nitakaourudia ni Perfect Blue, filamu ya mwongozaji Satoshi Kon, iliyotoka mwaka 1997, kwa sababu karibu kila dalili iliyo hapa chini utakutana nayo ndani ya dakika zake 81. Inamhusu Mima Kirigoe, mwimbaji wa kundi la wasichana anayeacha muziki ili awe mwigizaji. Sitakumalizia uhondo zaidi ya hapo.

Dalili: picha ni giza, humwoni mtu

Filamu hizi zinapenda usiku, vyumba visivyo na taa, na nywele nyeusi mbele ya ukuta mweusi. Runinga nyingi nazo zina hali ya kuokoa umeme pamoja na kihisi kinachopima mwanga wa chumba. Ukizima taa ili upate hali ya sinema, kihisi kinashusha mwangaza wa skrini na nusu ya tukio inazama. Zima vyote viwili kabla ya jambo lingine lolote. Kisha ondoka kwenye ile hali ya picha yenye rangi zinazowaka, ambayo imekusudiwa kuvutia wateja dukani, uweke hali ya sinema. Runinga yako ikiwa na Filmmaker Mode, iliyotangazwa mwaka 2019, chagua hiyo; inazima mapambo mengi kwa mpigo mmoja.

Weusi ukiendelea kumeza kila kitu na umeunganisha kompyuta kwa kebo ya HDMI, shuku kwamba vifaa viwili havielewani. Kwa kawaida video huhesabu nyeusi kuwa 16 na nyeupe kuwa 235, wakati kompyuta huanzia 0 hadi 255. Kompyuta ikituma kwa hesabu yake na runinga ikasubiri ile ya video, vivuli vyote vinageuka lami. Ikiwa kinyume chake, nyeusi inakuwa kijivu na picha nzima inaonekana imefuliwa. Ingia kwenye mipangilio ya skrini ya kompyuta na ya mlango wa HDMI kwenye runinga, uhakikishe pande zote mbili zimewekwa hesabu moja. Pa kupimia ni kichwa cha mhusika aliye kwenye kivuli: unapaswa kuona mistari ya nywele, na hapohapo ile mistari myeusi ya juu na chini ya skrini ibaki nyeusi kweli. Usikimbilie kuongeza mwangaza kwa mkono. Utaona nywele, ndiyo, lakini usiku wote utageuka moshi.

Kuna giza la namna nyingine, lenye mapete. Ukuta unaopaswa kufifia polepole kutoka buluu hadi nyeusi unaonekana umechorwa ngazi kwa ngazi. Video ya biti 8 ina viwango 256 tu kwa kila rangi ya msingi, na tukio la usiku linatumia vichache vya chini. Ubanaji wa data kwenye intaneti unakula na hivyo vilivyobaki. Dawa ni kuchagua ubora wa juu kwa mkono badala ya kuuacha ujiamulie, kupakua filamu mapema kama huduma yako inaruhusu, au kutafuta diski. Punguza pia ukali wa picha kwenye runinga, maana unayachonga yale mapete yaonekane zaidi.

Chembechembe zinazochezacheza juu ya picha si ugonjwa. Anime za zama za Perfect Blue zilipakwa rangi kwenye karatasi angavu za plastiki, kisha zikapigwa picha kwa mkanda wa filamu, na mkanda una chembe zake. Ukiwasha kipunguza chembe, kinaondoka na mistari myembamba ya penseli, hasa kwenye macho na midomo. Katika filamu ambayo hofu yote imekaa usoni, hiyo ni hasara kubwa.

Mistari myeusi pembeni au juu na chini nayo iache. Ukivuta picha ijaze skrini unakata kingo, na kingoni ndiko wanakopenda kuweka kioo, mlango ulioachwa wazi, au mtu anayetazama.

Dalili: mwendo ni laini mno, au unarukaruka

Hapa wengi wanatibu ugonjwa usiokuwepo. Filamu inakwenda kwa fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde, lakini anime haichori picha mpya kwa kila fremu. Mara nyingi mchoro mmoja unashikiliwa kwa fremu mbili au tatu, ikimaanisha michoro 12 au 8 kwa sekunde. Mkono unaoinuka kwa kurukaruka kidogo ni mtindo, na wachoraji wanautumia kwa makusudi: mtu anabaki ametulia tuli, halafu anageuka ghafla.

Runinga isiyojua hilo inajaribu kusaidia. Inabuni fremu za katikati ili mwendo uteleze. Kwenye mipangilio ya LG inaitwa TruMotion, Sony ni Motionflow, Samsung ni Picture Clarity, zamani Auto Motion Plus. Zima. Matokeo yake kwenye katuni ni mabaya kuliko kwenye filamu za watu: kingo za michoro zinatokwa na utando, na pale mikato inapofuatana haraka mashine inaweza kukuwekea sura ambayo hakuna aliyeichora. Katika hadithi inayokutaka uulize kila sura ni ya nani, sura ya ziada iliyotungwa na runinga ni usaliti.

Ikiwa kinachorukaruka ni mandhari yote, hasa kamera inapopita polepole juu ya mji, sababu ni hesabu. Skrini ya 60 Hz, yaani inayoonyesha picha mara 60 kwa sekunde, haiwezi kugawa fremu 24 sawasawa, hivyo fremu moja inaonyeshwa mara mbili, inayofuata mara tatu. Weka kifaa kitoe 24 Hz kama runinga inakubali. Na picha ikikwama huku sauti ikiendelea, angalia aina ya faili: video iliyobanwa kwa mfumo wa H.264 yenye biti 10, iliyozoeleka kwa mafaili ya anime, haifunguliwi na chipu za video za vifaa vingi, kwa hiyo kazi yote inaangukia kichakataji kikuu. Simu ya zamani au kisanduku dhaifu cha runinga hakiiwezi. Ihamishie kwenye kompyuta.

Dalili: manukuu hayaendani

Wengi wetu tunatazama anime kwa sauti ya Kijapani huku tukisoma Kiingereza, na kichwani tunafikiri kwa Kiswahili. Ni kazi tatu kwa wakati mmoja. Manukuu yakiteleza kidogo tu, mtu anaweza kumaliza filamu nzima akiamini kwamba aliyesema neno fulani ni mwingine. Kwa hiyo hapa usilipue kazi.

Kwanza tambua namna yanavyoteleza. Yakichelewa au kutangulia kwa muda uleule tangu mwanzo hadi mwisho, toleo lako lina nembo ya ziada mwanzoni au limeikosa. Hilo ni rahisi: kwenye VLC, programu ya kutazamia video, ya kompyuta, herufi G na H zinasogeza manukuu kwa milisekunde 50 kila ukibonyeza. Yakianza vizuri halafu yakaachana na sauti kidogo kidogo, kasi ndizo tofauti. Manukuu yalitengenezwa kwa toleo la fremu 25 kwa sekunde na filamu yako ni ya 24, au kinyume chake. Filamu ya dakika 81 ikiharakishwa hadi fremu 25 inaisha kwenye dakika ya 78 hivi, kwa hiyo mwishoni mtakuwa mmepishana zaidi ya dakika tatu. G na H hazitakusaidia. Utakuwa unakimbizana nayo usiku kucha. Badili kasi ya manukuu kwenye dirisha la kulinganisha nyimbo za sauti na maandishi, au tafuta manukuu ya toleo lako.

Namna ya tatu ndiyo yenye hila: yanakwenda sawa kabisa hadi dakika fulani, kisha yanaruka kwa sekunde kadhaa na kubaki hivyo. Hapo toleo lako lina kipande kilichokatwa, ama manukuu ndiyo ya toleo lililokatwa. Filamu za aina hii hukumbwa sana na mkasi kwa sababu ya damu na ukatili wa kingono. Linganisha urefu wa filamu yako na urefu rasmi. Ukiona dakika zimepungua bila kasi kubadilika, usisawazishe manukuu. Tafuta filamu nzima. Unaweza kuwa unalaumu hadithi kwa shimo lililochimbwa na mtu mwingine.

Herufi zikitokea kama alama zisizosomeka, badili usimbaji wa maandishi uwe UTF-8. Yamekwisha.

Sasa suala ambalo halionekani kama kasoro. Manukuu yanaonyeshwa vizuri, kila mtu anaongea na kutafsiriwa, lakini barua, bango au ukurasa wa kompyuta unapita bila tafsiri. Katika Perfect Blue kuna ukurasa wa intaneti unaoandika maisha ya Mima kana kwamba ni yeye anayeuandika. Kuukosa huo ni kukosa mlango wa nyumba. Diski na huduma nyingi zina manukuu ya aina mbili: moja ya mazungumzo yote, nyingine ya maandishi ya kwenye picha na nyimbo tu, kwa ajili ya wanaosikiliza sauti ya Kiingereza. Ukisikiliza Kijapani chagua ya kwanza. Ukisikiliza Kiingereza washa ya pili, usizime manukuu kabisa. Na ukigundua maandishi yanafuata neno kwa neno sauti ya Kiingereza huku wewe unasikiliza Kijapani, ujue umepewa nakala ya maneno ya waigizaji wa Kiingereza. Maneno hayo yalirefushwa na kufupishwa ili yatoshe midomo, na mara nyingine yanataja wazi jambo ambalo Kijapani kililiacha lining'inie.

Kuhusu Kijapani au Kiingereza mimi nasimama upande wa Kijapani unapoitazama filamu mara ya kwanza. Sauti ya hofu haihitaji tafsiri. Lakini msomaji wa polepole aliyechoka asijitese. Sauti ya Kiingereza inamwachia macho yatazame picha, na picha ndiyo inayoongopa.

Dalili: sauti

Maneno ni mnong'ono, kisha mlango unabamizwa na mtaa mzima unasikia. Chagua sauti ya stereo (ya spika mbili) badala ya 5.1 (ya spika sita) kama unatumia spika za runinga, maana katika 5.1 maneno hukaa kwenye spika ya katikati ambayo wewe huna. Washa hali ya usiku ikiwepo.

Vipokea sauti vya Bluetooth huchelewesha sauti. Ukitaka kuisogeza, kwenye VLC ni J na K, lakini usilinganishe na midomo. Anime za Japani kwa kawaida hurekodiwa sauti baada ya michoro kupangwa, na mdomo wa mhusika huwa na mikao michache tu: umefungwa, umefunguka kidogo, umefunguka sana. Utahangaika bure. Tumia kishindo: mlango, makofi ya watazamaji, kitu kinachovunjika.

Sauti inayonong'ona upande mmoja tu wa sikio, au muziki unaokatika katikati ya noti, ni ya kupimwa kwa zile sekunde 10. Mara nyingi ni ya makusudi.

Dalili: nimepotea

Vifaa viko sawa, manukuu yako sawa, na bado hujui kama tukio lililopita lilikuwa ndoto, kumbukumbu au kipindi cha televisheni ndani ya filamu.

Anza na sababu za kawaida. Ulitazama simu. Filamu za Kon zinaunganisha matukio kwa ishara: mtu anageuza kichwa mahali fulani, na kichwa kinamaliza kugeuka mahali pengine, siku nyingine. Sekunde 3 ulizotumia kusoma ujumbe ndizo zilizobeba kiungo. Rudi nyuma hadi tukio la mwisho ulilolielewa. Usirudi pale ulipochanganyikiwa, maana kosa lilianza kabla ya hapo.

Sababu ya pili ni majina. Kwa Kijapani jina la ukoo linatangulia, hivyo Mima Kirigoe ni Kirigoe Mima. Mtu mmoja anaitwa kwa ukoo kazini, kwa jina lake nyumbani, na mashabiki wanaongeza kijina cha kumdekeza. Manukuu mengine yanasawazisha yote kuwa jina moja, mengine hayasawazishi. Usihesabu watu kwa majina. Hesabu kwa sauti na kwa kazi zao: meneja, mwandishi wa tamthilia, mlinzi.

Sababu ya tatu: ulikuwa unasubiri alama. Filamu nyingi zinakutangazia ndoto kwa ukungu au muziki laini. Hizi hazitangazi. Ukweli na ndoto vinachorwa kwa kalamu ileile, na hapo ndipo katuni inapowashinda waigizaji wa nyama na damu, kwa sababu kwenye katuni kila kitu kimechorwa tayari, hakuna sehemu iliyo halisi zaidi ya nyingine. Badala ya kutafuta ukungu, shika vitu vinavyobaki: chumba cha Mima, samaki wake, mabango ukutani, kompyuta yake. Angalia vimebadilikaje kila anaporudi. Angalia nani yuko nyuma ya kamera pale tukio linapoisha; kama kuna mtu anayesema wasimamishe kurekodi, umetoka kwenye tamthilia iliyo ndani ya filamu. Anapoamka kitandani, jiulize mara ya mwisho ulimwona akilala lini. Kama hukumwona, weka alama kichwani na uendelee.

Uendelee, narudia. Kusimamisha filamu ili utafute maelezo mtandaoni kunaua dawa na mgonjwa pamoja. Maelezo ya mtandaoni yanaanza na mwisho. Simamisha kwa sababu moja tu: kusoma maandishi yaliyopita haraka.

Kama umepotea na mhusika naye amepotea, huna tatizo la kutatua. Kipimo ni hiki: mhusika anashangaa pale unaposhangaa wewe? Akiwa ametulia kabisa wakati wewe huelewi chochote, pengine umekosa kitu. Akiwa anatetemeka mbele ya kioo, mko pamoja.

Kuna na yule jamaa ambaye ameshaiona, anayeketi pembeni na kuguna kila dalili ikipita. Hana mipangilio. Mpe kazi ya kushika rimoti.

Dalili: macho yanauma, mwanga unapigapiga

Hii si ya mzaha. Tarehe 16 Desemba 1997, mwaka uleule wa Perfect Blue, kipindi kimoja cha Pokémon nchini Japani kilimulika nyekundu na buluu takriban mara 12 kwa sekunde, na watazamaji 685, wengi wao watoto, wakapelekwa hospitalini. Baada ya hapo televisheni za Japani ziliwekewa miongozo ya mwanga wa kumulika, ila filamu zilizotengenezwa kabla hazikuwa na miongozo hiyo mezani. Kamera za waandishi, taa za jukwaa na mikato ya kasi ni vitu vya kawaida katika taharuki.

Kwa hiyo acha taa moja ikiwaka chumbani, kaa mbali na skrini, na punguza mwangaza tukio likianza kumulika. Mwenye kifafa, au aliyewahi kuzimia mbele ya skrini, aulize kwanza kwa aliyeiona filamu. Ukianza kujisikia vibaya ghafla, funika jicho moja kabisa kwa kiganja kisha geuza uso. Kufumba macho pekee hakutoshi, kwa sababu mwanga unaopigapiga unapenya kope.

Dalili: mtoto ameingia sebuleni

Bonyeza kusimamisha, si kunyamazisha sauti. Neno anime linawapumbaza wazazi wadhani kila kilichochorwa ni cha watoto. Nchini Uingereza Perfect Blue ina daraja la 18: ina mauaji ya wazi, na ina tukio refu la ubakaji linaloigizwa kwa ajili ya ile tamthilia ya ndani. Mtu mzima naye astahili kuambiwa hilo kabla hajaketi, hasa ukiwa wewe ndiye uliyemwalika. Ukihitaji kulipita, tukio linatangazwa mapema na wahusika wenyewe wanapojadili maandishi ya tamthilia, kwa hiyo una muda wa kushika rimoti.

Usingizi ukikataa baadaye, sababu mara nyingi ni kwamba filamu iliisha usiku wa manane na majina ya watengenezaji hukuyaacha yapite. Anza mapema jioni. Kwa dakika 81 inawezekana. Ukiitazama mara ya pili, badili lugha ya sauti pamoja na aina ya manukuu inayoendana nayo, na umfuate mtu mmoja asiye Mima tangu tukio la kwanza. Meneja wake anatosha.